Yaeli na Picha za Ubao

Somo letu la leo latoka katika Waamuzi, sura ya 4 na ya 5.

Hapo kale palikuwa na fundi wa picha huko Leiden, Uholanzi, jina lake Lucas van Leyden. Picha ilichongwa katika ubao, ubao ukapakwa wino, ukakandamizwa juu ya karatasi. Ubao mmoja ulitoa picha nyingi, za bei nafuu. Karibu na mwaka 1517 alitoa picha kadhaa juu ya nguvu za wanawake: Hawa na Adamu, Delila na Samsoni, Sulemani akiabudu sanamu kwa ajili ya wake zake. Kati ya hao akamweka Yaeli, akimpigilia Sisera kigingi kichwani. Fundisho lilikuwa wazi: mwanamume, jihadhari na mwanamke!

Lakini Biblia haimweki Yaeli pamoja na Delila. Sisera alikuwa jemadari mwenye magari 900 ya chuma, na Israeli walionewa miaka 20. Wimbo wa Debora wambariki Yaeli. Naye Debora, nabii na mwamuzi wa taifa zima, hakupewa nafasi katika picha zile.

Injili ilifika kwetu Golbanti na Ngao katika miaka ya 1880, ikiletwa na watu wa Ulaya. Hata hivyo Neno si mali ya Ulaya. Nasi tulisome kwa macho yetu. Sisi wa Mto Tana tunajua mto ukifurika unavyozoa kila kitu, kama Kishoni ulivyolizoa jeshi la Sisera. Tunajua pia maisha ya wafugaji, na maziwa anayopewa mgeni. Yaeli hakuwa na upanga. Alikuwa na kiriba cha maziwa, nyundo na kigingi, vyombo vya hemani mwake. Mungu alimtumia na alichokuwa nacho.

Hatusemi tushike nyundo. Damu iliyomwagika huku kwetu mwaka 2012 yatosha. Twauliza hivi: mama anaposimama kusema katika baraza la kanisa, au katika kikao cha amani kati ya wakulima na wafugaji, je, twamwona Delila, ama twamsikiliza kama Baraka alivyomsikiliza Debora?

Tuombe. Ee Bwana, utufungue macho, tuwaone mama zetu kama uwaonavyo wewe. Amina.