Zindukanuru, si "nyeti kwa mwanga"

Tasnifu ya uzamivu inayochunguza muundo na mienendo ya protini za jicho ikifika mezani kwa watunga istilahi, hurudi na kichwa kinachosema "protini nyeti kwa mwanga". Mwandishi wa makala haya ameipinga tafsiri hiyo vikaoni, na jibu ni lile lile: neno limekwisha kupitishwa. Sababu za kulipitisha hajaelezwa mpaka leo.

Nyeti kwa Kiswahili ni jambo la siri, ni sehemu za mwili zinazositiriwa. Halina tendo ndani yake. Mwanga nao una mashaka: mwanga ni pia mchawi wa usiku, wingi wanga, na katika darasa la biolojia wanga ni kile kilichomo kwenye muhogo. Kazi ya majani ilipoitwa usanisinuru, nuru ilipata kiti chake katika sayansi, na haikustahili kunyang'anywa.

Kinachohitaji jina ni tendo. Mwaka 1876 mtafiti Franz Boll, akiwa Roma, aliona kwamba wekundu wa retina ya chura hufifia ukipigwa na nuru. Wilhelm Kühne wa Heidelberg akaitoa rangi hiyo jichoni kwa chumvi za nyongo. Ndiyo protini iitwayo rodopsini, jina la Kigiriki lililounganisha waridi na kuona. Ndani yake imekaa retinali, molekuli itokanayo na vitamini A, ikiwa imepinda na kubanwa katikati ya helisi 7. Fotoni ikiingia, retinali hugeuka umbo kwa takriban femtosekunde 200. Protini nzima hufuata, na habari ya nuru ikaanza safari ya kwenda ubongoni.

Mtafiti huiandaa sampuli gizani, chini ya taa hafifu nyekundu, maana ikionja nuru kabla ya wakati imeharibika. Hukuza fuwele ndogo mno, akazipitisha mbele ya leza, kisha mpigo mfupi wa eksirei ukachukua taswira kabla fuwele haijasambaratika. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na taasisi ya Paul Scherrer ya Uswisi walichapisha hali ya rodopsini pikosekunde 1 baada ya nuru: retinali imejisokota, na imekwisha kuachana na mishiko mingi ya mfuko ulioibana.

Kuachana huko ndiko kunakobebwa na kitenzi zinduka. Kiswahili kina jozi zake za kale: funika na funua, tandika na tandua, anika na anua, ezeka na ezua. Upande mmoja huweka, wa pili huondoa. Zindika imo humo. Nyumba huzindikwa kwa dawa isidhurike. Kuzindua ni kulitegua zindiko. Aliyefungwa na usingizi au kuzimia, akifunguka ghafla, amezinduka. Retinali gizani imezindikwa, nuru huizindua: zinduka na nuru zikiungana, ndiyo zindukanuru. Ni vigumu kuona kamati ilitafuta wapi hata ikalikosa neno hili.

Wapo wanaoshabikia "hisinuru". Neno ni zuri masikioni, lakini linapotosha. Bakteriorodopsini, protini iliyoelezwa na watafiti Oesterhelt na Stoeckenius mwaka 1971 kutoka kiumbe wa maji ya chumvi kali, haihisi chochote: husukuma protoni nje ya seli. Rodopsini-chaneli ya mwani Chlamydomonas hufungua njia ya ayoni, na kwayo, tangu 2005, wanasayansi wa neva huamsha seli za ubongo kwa mmweko wa nuru. Zote huzinduka.

Mpinzani mmoja alidai kwamba zinduka, kwa kuwa haichukui shamirisho, haiwezi kuambatanishwa na nomino. Kufa nako hakuchukui shamirisho, na bado wazee walituachia kifaurongo, mmea unaojikunja ukiguswa. Hawakuuita "nyeti kwa mguso". Waliutazama unachofanya, wakautaja. Kanuni hiyo ni kongwe kuliko kamati zote, na inasikitisha kuona msomi wa lugha akiisahau.

Matumizi: protini zindukanuru, umoja na wingi sawa, uzindukanuru kwa tukio lenyewe. Anayelikataa na alete neno ambalo rodopsini, bakteriorodopsini na rodopsini-chaneli zitaliitikia kwa pamoja.