Ukimya katika filamu ya "Pumzi"
"Pumzi" ni filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009. Ni ya dakika 21 hivi, na maneno yake ni haba. Yasimulia miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji, watu wa Afrika Mashariki wakiishi ndani ya jengo lililofungwa. Humo hawazungumzi kwa midomo. Huandika, na mashine ikawasemea. Hata ndoto huzimwa kwa vidonge. Ukimya wa ndani, basi, ni wa kulazimishwa.

Asha anapotoroka na mche wake, ukimya huwa mwengine: jua, mchanga na upepo. Anaunywesha mche maji yake ya mwisho, kisha anaukinga jua kwa mwili wake. Hasemi neno, na mtazamaji ndiye anayehisi kiu.

Filamu ilipigwa Afrika Kusini, lakini mfugaji wa Oldonyiro, kule Isiolo, ambaye maisha yake hufuata mvua na malisho, hahitaji kufasiriwa. Wala sisi wa pwani, tuliozungukwa na maji ya chumvi huku mifereji ya nyumbani ikikauka. Kiu haina haja ya maneno mengi.