Nipe mji: mchezo wa maswali ulikuwapo pwani kabla ya visanduku vya kadi

Wanaouza michezo ya maswali ya sanduku huitajia tarehe ya kuzaliwa: Desemba 15, 1979, mjini Montreal, Kanada. Siku hiyo wanahabari wawili, Chris Haney na Scott Abbott, walitaka kucheza Scrabble, wakakuta herufi nyingine zimepotea, ndipo wakaamua kubuni mchezo wao wenyewe. Wakauita Trivial Pursuit. Ubao, kete, kadi zenye maswali ya jiografia, historia, michezo na burudani, na anayejibu sawasawa anaendelea mbele. Mwaka 1984 peke yake ziliuzwa seti zipatazo milioni 20 katika Amerika ya Kaskazini, na tangu hapo historia ya watu kukaa kikundi wakaulizana maswali kwa kujifurahisha huanzia mezani pa watu hao wawili. Kwa msomaji wa Muyeye, mtaa wa Malindi ambamo Mgiriama, Mswahili na mtu wa bara wanaishi ukuta kwa ukuta, historia hiyo imeanzia katikati. Pwani hii ilikuwa na mchezo kamili wa maswali, wenye zamu, ushindani, adhabu na tuzo, na ushahidi wake ulikwisha kupigwa chapa zaidi ya miaka 100 kabla ya Montreal.

Mchezo wenyewe unajulikana, lakini kwa kuwa umezoeleka mno watu hawautazami vizuri. Mtegaji hupaza sauti: Kitendawili! Waliokaa huitikia: Tega! Naye hutega: Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni. Mmoja atasema nyoka, mwingine atasema mto, na kila jibu hupimwa papo hapo na kikao kizima, si na mtegaji peke yake. Wakishindwa, mtegaji hudai haki yake: Nipe mji. Hapo ndipo utamu unapoanza, kwa sababu mji hautolewi ovyo. Akipewa Mambrui anaweza kuukataa, akipewa Malindi akausitasitia, hata akifikishiwa Mombasa akaridhika. Akishaupokea, huusimulia: amefika Mombasa, wenyeji wamempokea, amekula na kunywa, na hao walioshindwa wamebaki wakimtazama. Kisha ndipo husema: Njia. Yako mambo mawili hapa ambayo sanduku la Montreal halina. Anayeshindwa hulipa kwa kutaja mji, kwa hivyo mtoto asiyejua miji ya nchi yake huumbuka mara mbili, kwanza kwa jibu na pili kwa malipo. Na jibu hutangazwa kwa wote waliopo, mkubwa na mdogo, ili kesho hata aliyekuwa amesinzia aweze kulitega mahali pengine.

Ushahidi wa maandishi ni mwingi. Edward Steere, padri wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, alipochapisha mkusanyo wake wa ngano za Waswahili mjini London mwaka 1870, alitia na vitendawili pamoja nazo. Mwaka 1958 S. S. Farsi wa Zanzibar alitoa kitabu kizima kuhusu vitendawili na itikadi, sambamba na kile cha methali. Katika ngazi ya watu wazima, mchezo ulivaa vazi la ushairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika miaka ya uhasama wa miji hiyo miwili: huyu akifumba, yule akafumbua na kurudisha fumbo lake. Tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, zikaja kuchapishwa mwaka 1940. Taylor huyo ndiye aliyetoa msamiati wa Kigiriama pamoja na makusanyo yake mwaka 1891, kazi ambayo kila anayeipenda Kilifi angepaswa kuijua.

Kuna pingamizi moja zito, na si la kupuuzwa. Mtu atasema kitendawili hakiulizi maarifa. Jibu lake limekwisha wekwa, aliyelisikia jana analikariri leo, na kukariri hakumfanyi mtu mjuzi. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Ni kweli kwamba yai ni yai, na nyumba isiyo mlango haitabadilika. Lakini kosa hilo hilo lipo kwenye kadi za Trivial Pursuit, ambazo aliyecheza mara tatu amekwisha zizoea. Tofauti ni kwamba kadi inakutaka uwe umesoma au kuambiwa jambo, nacho kitendawili, kwa anayekisikia mara ya kwanza, kinamtaka awe ametazama. Hakuna kitabu kinachokwambia kwamba njia ni kamba. Ni lazima uwe umeiona ikijipinda shambani, uwe umewahi kufunga mzigo wa kuni, kisha uyaweke mawili hayo pamoja. Wala mchezo huu haukuganda. Kile cha Mzungu aliyetoka Ulaya na mkono kiunoni, ambacho jibu lake ni kikombe, kinaonyesha kwamba bidhaa mpya ilipoingia nyumbani, watu waliitazama na kuitungia swali.

Halafu kuna suala la mwenye mali. Mwaka 1984 Mmarekani Fred Worth, mtunzi wa kamusi ya mambo madogomadogo, aliwashtaki wenye Trivial Pursuit akidai dola milioni 300. Alikuwa na ithibati ya ajabu: katika kitabu chake alipachika makusudi jambo la uongo, kwamba jina la kwanza la mpelelezi Columbo wa televisheni ni Philip, na uongo huo ukatokea kwenye kadi za mchezo. Alishindwa, kwa kuwa mahakama ilishikilia kwamba ukweli hauna mwenyewe. Pwani haikuhitaji hakimu kuliamua hilo. Kitendawili kilichotegwa Muyeye leo kinaweza kutegwa Takaungu kesho bila mtu kudai chochote, na sababu ni kwamba tuzo yenyewe, mji, haiwezi kutiwa mfukoni.

Pingamizi la pili ni la wale wanaosema mchezo umekufa, simu imeuua. Mimi naona simu inasingiziwa. Vitendawili vimo katika vitabu vya shule, na fasihi simulizi hutahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne. Maneno hayajapotea. Kilichopotea ni kikao. Mtahiniwa hujibu peke yake, kimya, kwa kalamu, na akikosa hatoi mji, hupungukiwa alama tu. Wala hamu ya kushindana kwa maswali haijaisha: mwaka 2007 vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vilipokutanishwa katika shindano la Celtel Africa Challenge, John Sibi-Okumu akiuliza, watu walikaa mbele ya televisheni wakijibu kabla ya wanafunzi. Ila maswali yalikuja kwa Kiingereza, na mtazamaji hakuwa na njia ya kumtega aliyemtega.

Kwa hiyo sioni ubaya wa sanduku la kadi kuingia Muyeye. Ubaya ni likija na maswali ya watu wengine peke yake, ilhali mahali hapa pana maswali ya kujaza masanduku. Ni mnyama gani aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415? Twiga. Setilaiti ipi ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni? Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani, iliyopewa jina hilo kwa kuwa iliondoka siku ya uhuru wa Kenya. Ni nani aliyewaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasiwatii Waingereza? Mekatilili wa Menza. Misitu ipi ya Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008? Makaya. Mtoto wa Malindi anayejua mto mrefu kuliko yote Marekani lakini hajui setilaiti iliyorushwa kutoka ufuo wake amenyimwa haki, na waliomnyima ni sisi watu wazima.

Kadi hazina gharama: karatasi ngumu, kalamu na mzee mmoja wa kuhojiwa zinatosha. Walimu wa Kiswahili wa Malindi, anzeni muhula huu. Waacheni wanafunzi waandike maswali wenyewe, wakae kikundi, wategane kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na anayeshindwa atoe mji.