Visi mbili za manyetoskopu

Wakati tunaongea historia ya video mu inchi yetu, tunaongea filamu: wacheza karate wa Hong Kong, konseri za Kinshasa, ndoa za wajomba zenye kuisha saa kumi za asubuyi. Mashini yenyewe tunaisahau. Mimi nilimaliza graduat nikilipa minerivali kwa turnevisi, ndani ya atelie moja ya kutengeneza manyetoskopu huku Bukavu, upande wa Kadutu. Ndiyo maana naona ile historia kwa upande mwingine. Kwangu mimi, iko ndani ya visi mbili zenye haziwezi kujaza kijiko cha chai.

Ulizo ni hili. Kaseti iliandikwa Brussels, ao Dubai, ao kwa jirani tu. Unaitia mu mashini yako, yenye haijawahi kuonana na ile yenye iliiandika, na picha inatoka. Juu ya nini inatoka? Tulizoea kufikiri ni kawaida. Hapana. Watu walihangaika karibu miaka ishirini juu ya hiyo tu.

Sauti ni kitu chepesi kuandika juu ya bande. Bande inapita polepole mbele ya kichwa chenye kusimama, kazi imeisha. Picha iko na habari nyingi zaidi ya sauti, mara mamia. Waingereza wa BBC walijaribu njia ya nguvu: mashini yao VERA, yenye walionyesha watu mwaka 1958, ilikimbiza bande mbele ya vichwa vyenye kusimama, mita 5 kila sekunde. Bobini zilikuwa za zaidi ya nusu mita kwa upana, na zilijaa dakika 15 tu. Fanya hesabu: kwa masaa matatu ya ndoa, kwa ule mwendo, ungehitaji bande ya kilometa zaidi ya 50. Na bobini kama hiyo, ikikatika ikiwa mu mbio, hutamani kuwa karibu nayo.

Wamarekani wa Ampex waligeuza fikra. Walisema: bande itembee polepole, kichwa njo kikimbie. Mwezi wa nne 1956, mu mji wa Chicago, kundi la Charles Ginsburg (kijana Ray Dolby alikuwa ndani yake, yule wa Dolby ya kaseti za muziki) lilionyesha mashini yenye vichwa vinne juu ya gurudumu lenye kuzunguka mara 14,400 kwa dakika. Tarehe 30 mwezi wa 11 ya ule mwaka, CBS ilirusha habari kutoka ku bande. Lakini kulikuwa tatizo moja: zile bande za kwanza zilisomeka tu kwa vichwa vile vile vyenye viliziandika. Kutuma bande mu mji mwingine, ilibidi utume na vichwa vyake. Hebu fikiri barua yenye inasomeka tu kama mwenye kuiandika anakusindikizia macho yake.

Kwa hiyo kazi kubwa yenye ilibaki haikuwa kuandika picha. Ilikuwa kufanya mashini mbili zenye hazijuane zikubaliane.

Wajapani ndio walileta hiyo makubaliano mu nyumba za watu. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975. Mwaka wenye kufuata, 1976, JVC ilitoa VHS, kazi yenye iliongozwa na Shizuo Takano na Yuma Shiraishi. Watu wanapenda kubishana ni ipi ilikuwa na picha nzuri. Mimi naona jambo kubwa liko fasi ingine: JVC iligawa vipimo vyake kwa wengine, Hitachi, Sharp, Mitsubishi, Matsushita, ili wote watengeneze mashini yenye kusoma kaseti moja. Waliuza makubaliano kabla ya kuuza mashini.

Na ile makubaliano ni nyembamba sana. Ndani ya manyetoskopu ya VHS kuko ngoma ya chuma, inang'aa, milimeta 62 kwa upana, imeinama kidogo. Kwa zetu, za PAL na SECAM, inazunguka mara 25 kila sekunde. Juu yake kuko vichwa viwili vyenye kutazamana mugongo. Bande ya milimeta 12.7 inaizunguka zaidi kidogo ya nusu, na inatembea polepole, sentimeta 2.3 tu kila sekunde. Kwa kuwa ngoma imeinama, kila kichwa kinaandika mustari wa kulala, wa karibu sentimeta 10 kwa urefu, na mustari mmoja ni nusu ya picha moja. Upana wake? Mikroni 49. Unywele wako ni munene kupita hapo. Mashini ya pili, yenye ilizaliwa mu fabriki ingine, inapaswa kupitisha kichwa chake juu ya ule mustari ule ule, kutoka mwanzo mpaka mwisho, mara 50 kwa sekunde, bila kutoka njiani.

Nini inaongoza bande? Upande wa chini wa ngoma kuko kidaraja kidogo kilichochongwa, na ukingo wa chini wa bande unapaswa kulala juu yake, bila kupaa, bila kugandamizwa. Wenye kuushikilia pale ni vinguzo viwili vyenye kuzunguka, kimoja mahali bande inaingia, kingine mahali inatoka. Kila kinguzo kiko na visi yake, ya kukipandisha na kukishusha. Hizo njo visi mbili zangu. Robo ya muzunguko ni nyingi mno.

Kisha kuko kichwa kingine, chenye kusimama, kwa mukono wa kuume wa ngoma. Kinasoma sauti ku ukingo wa juu wa bande, na ku ukingo wa chini kinasoma mapigo, 25 kila sekunde, yenye kuambia mashini "mustari unaanza hapa." Kifungo cha trakingi chenye wote tuliwahi kuzungusha tukiomba Mungu, kinachelewesha ao kinawahisha tu ile hesabu. Hakiwezi kunyoosha bande yenye kupita kombo. Ndiyo maana kuna siku ulizungusha mpaka kidole kikauma, na nusu ya juu ya picha ilibaki madoa.

Fundi mwenye alinifundisha, simutaji jina kwa sababu hapendi, hakuwa na osiloskopu. Hakuwa pia na kaseti ya kipimo ya fabriki, ile ilikuwa na bei ya mashini nzima. Alikuwa na kaseti moja ya filamu, orijinali, iliyonakiliwa ku fabriki huko Ulaya, na aliificha ndani ya mukebe wa biskiti. Hakuna mtu aliwahi kutazama ile filamu mpaka mwisho. Ilikuwa mizani yake. Madoa yakiwa juu ya picha, kosa liko ku kinguzo cha kuingilia. Yakiwa chini, ku kinguzo cha kutokea. Yakisambaa fasi yote, osha vichwa kwanza: kipande cha ngozi laini, alkoli ya farmasi, na unapangusa kwa kufuata muzunguko, hapana juu-chini, kwani kichwa kinavunjika kama ukucha wa mtoto. (Kuna wenye walitumia kanyanga. Ndani ya kanyanga kuko maji. Siendelei.)

Ukweli ni kwamba mashini nyingi zenye zilifika kwetu hazikuwa na ugonjwa wa visi. Zilikuwa na ugonjwa wa mpira. Kuko gurudumu dogo lenye kupeleka nguvu ku bobini yenye kukusanya bande, mpira wake ukikauka unateleza, bande inajaa ndani kama tambi, na watu wanasema "mashini inakula kaseti." Tulikata pete kutoka shambreri ya kinga, tukaisugua na karatasi ya msasa, na ilitembea miezi. Mikaba ya mpira ilikuwa inarefuka, kuran ya Ruzizi ilikuwa inapanda na kushuka, na unyevu wa ziwa ulikuwa unaingia fasi yote. Tena televisheni ya taifa ilikuwa SECAM: kaseti ya PAL kutoka Dubai ilitoa picha nyeusi na nyeupe, mwenyewe anakuja kulalamika vichwa vimekufa. Vichwa vilikuwa vizima.

Lakini mafundi wa haraka walikimbilia visi. Zinaonekana, ziko juu, zinavuta mukono. Na hapa njo kuko jambo lenye nilitaka kufikisha kwenu.

Mashini yenye vinguzo vyake vimeharibika haijue kama ni mugonjwa. Inaandika kombo, kisha inasoma kombo ile ile, na picha inatoka safi. Mwenyewe anakuapia: "Fundi, kwangu iko muzuri!" Na hasemi uongo. Kaseti yake ikienda kwa jirani inatoa madoa, na kaseti ya jirani kwake inatoa madoa. Sasa nani amepotea? Muzee wangu alikuwa na sheria moja, na alinirudilia kila juma: "Mutoto wangu, usiguse visi mpaka kaseti za mashini mbili tofauti zikatae pamoja. Moja ni ugomvi. Mbili ni ushuhuda." Fundi mwenye alirekebisha kwa kutumia kaseti ya mteja peke yake alikuwa anapatanisha mashini na kosa lake. Na kila ndoa, kila ubatizo, kila mazishi yenye ile mashini iliandika kisha pale, iliandikwa kwa hati yenye hakuna mwingine atasoma. Tulirudi, bila kujua, ku Chicago ya 1956.

Hii si hadisi ya zamani tu. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza manyetoskopu, ilisimamisha mwezi wa saba 2016. Mashini zenye ziliandika kaseti zetu za miaka ya 80 na 90 zimekwisha kutupwa, zimeibiwa, zimelala chini ya lava kule Goma tangu 2002. Kaseti zinabaki mu masanduku ya mama zetu. Unapeleka ku studio ya kugeuza digitali, kijana anaitia, anaona madoa, anakurudishia: "Papa, hii ilikufa." Mara nyingi haikufa. Iliandikwa kombo, na ile mashini ya studio imenyooka.

Dawa yake inachekesha. Unachukua mashini nzima, unapiga alama ya verni ya kucha juu ya kila kinguzo ili ujue kwenye kurudi, kisha unaiharibu kwa makusudi. Unageuza visi ya kuingilia kidogo-kidogo, ukitazama sehemu ya juu ya picha, mpaka kinguzo kinakosea sawa na kile kingine kilikosea zamani. Picha inafunguka. Unanakili saa ile ile. Kisha unarudisha kila kitu na kaseti ya mizani. Usipite kiasi, maana bande yenye kugandamizwa ku kidaraja inakunjika ukingo na haitanyooka tena. Na kama unaona unga mweupe juu ya bande, ni kuvu: usiingize kabisa, itachafua vichwa na itahamia ku kaseti ingine.

Hivi njo nilifanya mwaka huu na kaseti ya kolasyo ya 1988, ile yenye chama ilinikabizi. Si orijinali. Ni kopi yenye ilifanywa ku duka moja ya mjini, na ile mashini ilikuwa kombo mara mbili: iliandika juu ya njia yake, tena, kuanzia fasi moja ya katikati, ilikunja ukingo wa chini wa bande. Nusu ya kwanza ilifunguka kwa njia yenye nimeeleza. Nusu ya pili, mapigo ya ukingo wa chini yamesagika, mashini haijue tena mustari unaanzia wapi, na picha inaruka bila kusimama.

Sauti lakini iko ku ukingo wa juu, na ule haukuguswa. Kwa hiyo majina yote yanasikika, kutoka A mpaka Z, na makofi, na mama mmoja mwenye kupiga vigelegele kabla mtoto wake hajaitwa. Nyuso tunaziona mpaka herufi M. Wenye majina yao yanaanzia N na kuendelea, na kati yao kuko wanane wenye hatuko nao tena, tuko na sauti ya jina lao tu na kelele ya watu wakisimama.

Siku ile kulikuwa kamera mbili ndani ya sale. Kama mtu wenu, ao jamaa yake, iko na kopi ya ile ingine, hata yenye waliwambia ilikufa, anipatie. Musiisafishe, musiirudishe nyuma, musiijaribu kwanza. Muilete vile iko.