Dawa na uzito wa mwili

Uzito wa mwili unaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya dawa ambayo mtu anaitumia kwa ugonjwa mwingine kabisa. Dawa huchochea au huzima hamu ya kula, hubakiza maji na chumvi mwilini, hubadilisha namna mwili unavyotumia sukari na mafuta, au humfanya mgonjwa asinziesinzie na kukaa muda mwingi bila kujishughulisha. Mizani haitenganishi sababu hizo: kilo 3 za maji na kilo 3 za mafuta husomeka sawa. Kasi ya mabadiliko ndiyo hutoa fununu. Uzito unaopanda ndani ya siku 2 au 3 huku miguu ikivimba kwa kawaida ni maji. Mafuta hujengeka kwa wiki na miezi.

Prednisoloni, steroidi inayotolewa kwa pumu kali, baridi yabisi na maradhi mengine ya kinga, huleta karibu yote hayo kwa mpigo. Mgonjwa hushikwa na njaa, hubakiza maji, na mafuta hurundikana usoni, nyuma ya shingo na tumboni. Majirani humsifu kwamba amenawiri, kumbe misuli ya mapaja inasinyaa. Siku 5 za dawa hii haziwezi kumfikisha mtu hapo; dozi kubwa ya miezi mingi ndiyo humfikisha.

Miongoni mwa dawa za magonjwa ya akili, olanzapini na klozapini ndizo zinazonenepesha zaidi, kwa kuwa huziba vipokezi vya ubongo vinavyohusika na hisia ya kushiba. Haloperidoli ina athari ndogo zaidi. Amitriptilini ya sonona na valproati ya kifafa nazo zimo katika kundi la dawa zinazonenepesha. Insulini huongeza kilo kwa sababu sukari iliyokuwa ikipotea kwenye mkojo sasa inabaki mwilini na kutumika. Kwa sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3, wanawake hutofautiana sana. Anayeongezeka zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6 ya mwanzo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuendelea kunenepa.

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki ni dawa za kufubaza VVU. Katika miaka ya 1980 Waganda waliuita UKIMWI "Slim", kwa jinsi ulivyokondesha, na kwa muda mrefu kukonda kulitosha kumtia mtu mashakani mbele ya watu. Dawa za awali zilileta taabu ya namna yake: stavudini ilinyonya mafuta ya mashavu, mikono na miguu, na sura ikamtangaza mgonjwa hata pale afya yake ilipotengemaa. Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe mwaka 2009. Baadaye ikaja dolutegraviri, ambayo leo ni nguzo ya kidonge kimoja cha kila siku pamoja na tenofoviri na lamivudini, na malalamiko yakageuka kuwa ya kunenepa.

Utafiti wa ADVANCE, uliofanyika Johannesburg kwa washiriki 1,053, uliyapa malalamiko hayo namba mwaka 2019. Baada ya wiki 48, waliotumia dolutegraviri na aina mpya ya tenofoviri, yaani alafenamidi, walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 6.4, waliotumia dolutegraviri na tenofoviri ya zamani, kilo 3.2, na waliotumia efavirenzi, dawa ya VVU iliyotangulia dolutegraviri, kilo 1.7. Wanawake waliongezeka zaidi kuliko wanaume. Kidonge cha mseto kinachotumika sana katika kliniki za Afrika Mashariki kinafanana na kundi la kati.

Si haki kuitwisha dolutegraviri lawama yote. Sehemu ya kilo hizo ni mwili unaorudi katika hali yake baada ya virusi kudhibitiwa, na efavirenzi yenyewe huzuia uzito kupanda, hasa kwa watu ambao miili yao huisafisha polepole. Hata hivyo, kwa mtu aliyeanza dawa akiwa tayari mnene, kilo zaidi humsogeza karibu na kisukari na shinikizo la damu, na kumwambia tu kwamba amepona hakumsaidii.

Wapo wanaoutafuta unene huo kwa makusudi. Siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha njaa, na deksamethasoni, steroidi kali, huuzwa kiholela kama vidonge vya kuongeza mwili. Mjini Kinshasa mtindo huo ni maarufu.

Kwa upande wa kupunguza, metformini, dawa ya kisukari, hushusha uzito kidogo tu. Semaglutidi, iliyoanza kama sindano ya kisukari, iliidhinishwa Marekani kwa unene mwaka 2021. Katika jaribio lake kuu uzito ulishuka karibu asilimia 15 kwa wiki 68, lakini kwa wengi hurudi sindano ikiachwa. Furosemidi hutoa maji tu, na anayeimeza ili apungue hujipotezea potasiamu bure.

Anayeona uzito wake unabadilika amweleze daktari kabla ya kugusa dozi, kwani mara nyingi ipo dawa mbadala. Akiacha dawa za VVU, virusi hurudi. Akikatisha prednisoloni ghafla baada ya kuitumia wiki nyingi, tezi za juu ya figo, zilizokwisha kulala, hushindwa kutoa homoni yake, na shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kumuua.