Ernst Dickmanns: Profesa aliyelifundisha gari kujiendesha

KABLA kampuni za Marekani hazijaanza kushindana kutengeneza magari yasiyo na dereva, gari la profesa mmoja wa Ujerumani lilikwisha kusafiri kutoka Munich hadi Denmark na kurudi likijiendesha lenyewe kwa sehemu kubwa ya njia. Hiyo ilikuwa mwaka 1995, wakati ambapo watu wengi duniani walikuwa hawajapata hata kusikia neno intaneti.

Profesa huyo ni Ernst Dieter Dickmanns, aliyezaliwa mwaka 1936 huko Niederkassel. Hakuanzia katika magari, wala katika akili bandia, ambayo siku hizi wengi huiita akili mnemba. Alisomea uhandisi wa anga katika chuo kikuu cha ufundi cha Aachen, akaenda Princeton, Marekani, kujifunza elimu ya udhibiti wa mitambo, kisha kwa miaka mingi akafanya utafiti wa anga nchini mwake, akikokotoa njia za vyombo vinavyorejea duniani kutoka angani. Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Jeshi la Ujerumani mjini Munich.

Asili hiyo ndiyo iliyomtofautisha na wenzake. Wataalamu wa akili bandia wa miaka ile waliichukua picha moja ya kamera, wakaichambua yote kutoka pembe hadi pembe, na walipomaliza wakaishika nyingine. Kompyuta za wakati huo zilikuwa dhaifu mno. Uchambuzi wa picha moja uliweza kuchukua dakika kadhaa. Gari lililo mwendoni haliwezi kusubiri kiasi hicho, kwani linahitaji picha kadhaa kwa kila sekunde.

Dickmanns alilitazama jambo hilo kwa jicho la mrusha vyombo. Kwake barabara haikuwa picha, bali kitu kinachobadilika kadiri muda unavyopita, kwa kufuata kanuni za mwendo. Kompyuta yake ilihifadhi makisio ya mahali gari lilipo na jinsi barabara inavyopinda, ikabashiri kingo za barabara zitaonekana wapi katika picha ifuatayo, halafu ikachungulia sehemu hizo chache tu. Tofauti kati ya ubashiri na kilichoonekana ilitumika kuyasahihisha makisio. Msingi wake ulikuwa mbinu ya hisabati iliyotolewa na Rudolf Kalman mwaka 1960, ambayo wahandisi wa anga waliizoea. Dickmanns aliiita njia yake ya vipimo vinne, yaani vitatu vya nafasi na kimoja cha muda.

Katika miaka ya 1980 kikundi chake kililichukua gari kubwa la Mercedes la tani tano, kikalijaza kamera na kompyuta, na kuliita VaMoRs. Mwaka 1987 gari hilo lilijiendesha katika kipande cha barabara kuu kisichokuwa na magari mengine, likafikia kilomita 96 kwa saa.

Mafanikio hayo yalikuja wakati mwafaka. Mwaka huohuo nchi za Ulaya zilianzisha mradi mkubwa wa utafiti wa usafiri ulioitwa Prometheus. Awali baadhi ya wahandisi walifikiria kuyaongoza magari kwa nyaya zilizofukiwa barabarani. Hoja ya Dickmanns ilikuwa kwamba gari lenye macho halihitaji barabara mpya.

Oktoba 1994, magari mawili ya mradi huo, VaMP la chuo chake na pacha wake VITA-2 la Daimler-Benz, yalizunguka katika barabara kuu karibu na Paris, katikati ya msongamano wa kawaida, yakihama njia na kuyapita magari mengine kwa mwendo wa hadi kilomita 130 kwa saa. Safari ya Denmark ilifuata mwaka uliofuata. Mwendo ulizidi kilomita 170 kwa saa, na kuna kipande cha kilomita 158 ambacho binadamu hakugusa chochote. Katika mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliivuka Marekani kwa gari lililojishikia usukani, lakini breki na mafuta vilibaki miguuni mwa mtu.

Hata hivyo, barabara kuu ya Ujerumani ina mistari inayoonekana vizuri, haina watembea kwa miguu wala waendesha baiskeli. Mtaa wa mjini ni mtihani mwingine kabisa. Prometheus ilipofikia tamati, viwanda vilitaka vitu vya kuuza mapema, si gari ambalo lingehitaji miongo mingine ya utafiti, na ufadhili wa aina ile ukakoma. Dickmanns aliendelea kwa kushirikiana na Wamarekani katika magari ya kupita nje ya barabara, akastaafu mwaka 2001. Kitabu chake kikubwa kuhusu uoni wa mashine zilizo mwendoni kilitoka mwaka 2007.

Alipokuwa amekwisha kustaafu, mwaka 2005, gari la Chuo Kikuu cha Stanford lilishinda mashindano ya jangwani yaliyoandaliwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, na zawadi ya dola milioni 2. Kuanzia hapo fedha zikamiminika California. Aliyekiongoza kikosi cha Stanford, Sebastian Thrun, naye ni Mjerumani. VaMP lenyewe liliingizwa katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum, mjini Munich.