Maji ya Kihansi, Taa za Unguja

Likizungumzwa suala la nchi ndogo kuyaacha mafuta na kuishi kwa nishati jadidifu peke yake, yaani nguvu ya maji, jua na upepo, wengi wetu hulitazama kama ndoto ya kesho. Historia yetu wenyewe yasema vingine. Kisiwa cha Unguja kiliwahi kulikaribia jambo hilo kwa upande wa umeme, bila ya kulikusudia, na somo la jaribio lile halipo pwani. Liko chini ya milima ya Udzungwa, katika bonde la Kilombero.

Mwaka 1980 ulitandazwa waya wa umeme chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba. Kabla ya hapo mji uliangazwa kwa mitambo ya mafuta yaliyoletwa kwa meli. Waya ule ulikifunga kisiwa na gridi ya bara, na gridi ya bara katika miaka ile ilikuwa, kwa sehemu yake kubwa, ni mito. Kituo kikubwa kilikuwa Kidatu, pale Ruaha Mkuu unapoteremka kutoka milimani. Kilianza kazi mwaka 1975, na kilipopanuliwa mwaka 1980 uwezo wake ukafikia kiasi cha megawati 200. Aliyewasha taa Mwembetanga au Malindi alikuwa akiwasha mvua iliyonyesha Mbeya na Iringa. Hakuna aliyeliita jambo hilo nishati jadidifu. Watu waliliita umeme tu.

Tusijidanganye, hata hivyo. Jikoni iliendelea kuni na makaa, magari yalikwenda kwa petroli, na Pemba ilibaki na majenereta ya dizeli hadi ulipofika waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Umeme ni sehemu moja tu ya nishati. Lakini kwa sehemu hiyo moja swali lilikwisha kujibiwa: inawezekana. Lililobaki ni kuuliza inawezekana kwa masharti gani, na kwa gharama ya nani.

Jibu la swali hilo la pili tulitafute Chita. Msafiri atokaye Ifakara kwenda Mlimba huwa na bonde mkono wake wa kushoto, mpunga na majani marefu hadi macho yachoke. Na mkono wa kulia ukuta wa Udzungwa. Katika ukuta huo, upande wa Chita, Mto Kihansi huanguka kutoka nyanda za juu. Wahandisi waliupenda kwa sababu ya anguko lake, karibu mita 850. Maporomoko ya kadiri hiyo hayahitaji bwawa kubwa: maji machache, yakianguka mbali, yana nguvu nyingi. Katika miaka ya 1990 mto ukaingizwa katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, na kufikia mwaka 2000 mitambo mitatu, yenye jumla ya megawati 180, ilikuwa ikizunguka chini ya mlima.

Maporomoko yale yalikuwa na wenyewe. Mwaka 1996, kazi ikiwa imekwisha anza, wataalamu walimkuta katika korongo la Kihansi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi ukucha wa kidole gumba, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Duniani kote hakuwa na makazi mengine ila hapo, katika eneo la hekta chache tu lililoroweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walichukuliwa hadi Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wakalelewe huko. Korongoni ikatandazwa mifereji ya kunyunyiza maji, mithili ya mtu anayemrudishia jirani tone baada ya kuchukua kisima. Mwaka 2003 vyura waliobaki walipungua ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 kiumbe huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi cha wale waliohamishwa kilirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na korongoni kwao mwaka 2012.

Wapo watakaouliza, chura ana uzito gani mbele ya hospitali yenye taa? Swali ni la haki, na mwandishi huyu hasemi kwamba mitambo isingejengwa. Anasema tu kwamba mwanga wetu haukuwa wa bure, na aliyeulipia hakuulizwa.

Sharti la mwanzo, basi, ni mvua. Ukame wa mwaka 2006 uliteremsha maji ya Mtera na kuleta mgao mkali wa umeme. Oktoba 2015 hali ikawa mbaya zaidi, vituo vya maji vikasimamishwa. Kila ukame ulipokuja, gridi ilikimbilia mafuta na gesi asilia. Sharti la pili ni waya. Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Desemba 2009 ikaingia tena, na haikutoka hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, na watu wakarudi visimani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee. Na tazama msimu wenyewe: Desemba hadi Machi ni miezi ya kaskazi. Upepo ule ule uliowaleta mababu kutoka Arabuni na Bara Hindi ulikuwa ukivuma juu ya mapaa ya nyumba zilizo gizani, na jua la kiangazi likiyachoma.

Mwaka 2013 uliwekwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100. Huko bara bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, nalo limejengwa kwa megawati 2,115. Zaidi ya nusu ya maji yanayofika hapo hutoka Kilombero, bonde lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani. Tumerudi, basi, mlangoni pa Chita, na mkono wetu umenyooshwa zaidi kuliko mwanzo.

Nchi ndogo inaweza. Iceland hupata takriban umeme wake wote kwa maji na joto la ardhini. Sisi hatuna volkeno, lakini tuna jua, tuna kaskazi na kusi. Upepo hulegea wakati wa maleleji, jua huzama, mto hukauka. Lakini ni nadra vyote vitatu kukosekana siku moja. Mwenye kutegemea kimoja ndiye anayelala gizani. Na mwenye kuchota mto wa mwenziwe hana budi kuuliza, kabla ya kuwasha taa, msitu wa juu umebaki kiasi gani, na korongoni yamebaki manyunyu ya nani.